Mmea wa Pingili

Mmea wa pingili ni mmea wa majini wenye shina lililosimama, lililogawanyika kwa vifundo, na kila kifundo huweza kutoa mizizi na chipukizi. Jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, ni "mmea wa shina". Tafsiri hiyo haisaidii sana, kwa kuwa hata Anubias, mmea wa Afrika ya Kati, una shina, ila lake hulala, na likifukiwa mchangani huoza. Sifa ya kundi hili ni kukatwa vipande vikapandwa upya, kama afanyavyo mkulima wa muhogo. Kamusi huita pingili sehemu iliyo kati ya fundo na fundo. Wakulima wameipanua maana hadi kipande kizima cha kupanda. Katika tangi la samaki, ambamo mimea hii hupandwa, maana zote mbili zinahitajika.

Mfano mzuri ni Rotala wallichii wa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, ambao ni wa ukoo mmoja na mhina na mkomamanga. Rotala, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1771, limetokana na neno la Kilatini la gurudumu, kwani majani hukizunguka kifundo kama njiti za baiskeli. Wallichii ni kumbukumbu ya Nathaniel Wallich, Mdenmark aliyesimamia bustani ya mimea ya Calcutta. Majani ni membamba kama sindano, na kilele huiva rangi ya waridi hadi nyekundu.

Wekundu huo ni wa anthosianini, rangi ambayo mmea huitengeneza zaidi mwanga unapokuwa mkali. Naitreti ikipungua majini wekundu huzidi, lakini ikiisha kabisa mmea hudumaa, kwa hiyo kuufukuzia wekundu kwa kuunyima mmea chakula ni kosa. Hewa ya ukaa huongezwa hadi miligramu 20 au 30 kwa lita. Maji yawe laini, yenye asidi kidogo, ya nyuzijoto 22 hadi 28. Maji ya visima vya pwani, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, kwa kawaida ni magumu mno kwa mmea huu.

Urefu wa pingili ndio kipimo cha mwanga: mwanga ukiwa hafifu, vifundo huachana na majani ya chini hupukutika. Wakati wa kupanda, kilele hukatwa chini ya kifundo, majani ya chini huondolewa, kisha vifundo viwili au vitatu huzamishwa mchangani kwa koleo ndogo. Kisiki kinachobaki huchipua pia, lakini machipukizi yake mara nyingi huwa dhaifu, hivyo watunzaji wengi huking'oa na kupanda vilele mahali pake.