Coburg na Ukoo Uliotawala kwa Ndoa

Mwanzoni mwa karne ya 19, Coburg ulikuwa mji mkuu wa dola dogo kusini mwa Msitu wa Thüringen, Ujerumani. Watawala wake, wenye cheo cha duke, walikuwa wamezama katika madeni na hawakuwa na jeshi la kumtisha jirani yeyote. Walichokuwa nacho ni watoto wa kuoa na kuolewa.

Juliane, binti wa Duke Franz, aliolewa Urusi mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 14. Kaka yake Leopold akawa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji mwaka 1831. Dada yao Victoire alimzaa Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye mwaka 1840 aliolewa na binamu yake Albert, mzaliwa wa kasri la Rosenau, nje kidogo ya Coburg. Ukoo huohuo ukampatia malkia wa Ureno mume mwaka 1836, na Bulgaria mtawala mwaka 1887.

Wasomaji wa Kongo wanaujua ukoo huu kwa machungu. Leopold II, mwana wa Leopold yule, aliifanya nchi yao mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Watu walichapwa viboko na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira, naye hakuikanyaga Kongo hata siku moja. Anayesimulia fahari ya ndoa za Coburg na asiliruke jambo hilo.

Nyumbani, ardhi iligawanywa kama shamba la urithi. Tawi la ukoo lililotawala Gotha lilipokosa mrithi mwaka 1825, Duke Ernst I wa Coburg aliachia Saalfeld, akapewa Gotha mwaka uliofuata. Dola likawa vipande viwili vilivyotenganishwa na msitu, na wakazi hawakuulizwa.

Waliulizwa baada ya duke wa mwisho, Carl Eduard, kuondoka madarakani Novemba 1918. Tarehe 30 Novemba 1919, zaidi ya asilimia 88 ya wapigakura wa Coburg walikataa kuingia katika jimbo jipya la Thüringen. Njaa ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa bado inauma, na jimbo jirani la Bavaria lilikuwa na chakula. Tarehe 1 Julai 1920 Coburg ikajiunga na Bavaria; Gotha ilikuwa tayari imeingia Thüringen. Si kila kura ya mji ule ilikuwa ya kujivunia: mwaka 1929 Wanazi walipata wingi wa viti katika baraza la Coburg, jambo ambalo halikuwa limetokea katika mji mwingine wowote wa Ujerumani, na Carl Eduard mwenyewe akawa mfuasi wa Hitler.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, Thüringen iliangukia mikononi mwa Wasovieti, na Gotha ikawa sehemu ya Ujerumani Mashariki hadi 1990. Coburg ilibaki upande wa Magharibi, mpaka ukipita karibu na mji, kwa sababu ya kura ile ya 1919. Hakuna harusi ya kifalme iliyowafaa watu wa Coburg kiasi hicho.