Mwenye Mbwa Amwendee Nani?

Mbwa wa babu yangu aliitwa Watasema. Kwetu milimani, Umatengo, jina la mbwa mara nyingi lilikuwa barua ya wazi kwa jirani, na babu hakukosa majirani wa kuwaandikia. Jioni alisimama uani akaita, "Watasema! Watasema!", na kila aliyehusika alisikia. Nani angeweza kumshitaki mtu kwa sababu amemwita mbwa wake?

Msomaji wa mjini anaweza kudhani mbwa kwetu alikuwa wa kuchezea au wa kubwekea wezi. Sivyo. Katika karne ya kumi na tisa, vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo kwenye miteremko mikali, na huko wakalima kwa ngoro, yaani yale mashimo yanayofunika mlima mzima kama sega la nyuki. Nyasi hupangwa kwa miraba, udongo hufunikwa juu yake, katikati hubaki shimo la kutuamisha maji ya mvua ili mlima usiporomoke. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani wameandika mengi kuhusu ngoro tangu miaka ya 1990, nami nimeyasoma kwa fahari. Lakini sikumbuki kumwona mbwa hata katika ukurasa mmoja. Ajabu kwangu, maana shamba la ngoro bila mbwa ni karamu ya nguruwe mwitu usiku na ya ngedere mchana. Mahindi yetu yalilindwa na mtoto mmoja na mbwa mmoja kwenye kibanda cha nyasi, na kati ya hao wawili aliyekesha kweli ni mbwa.

Ukiteremka ziwani, Liuli, Lituhi au Mbamba Bay, mambo yalikuwa yale yale, ila mbwa wa huko walinenepa zaidi kwa sababu ya usipa walioanikwa mchangani. Walilinda mihogo, na mshahara wao waliuiba wenyewe.

Sasa nirudi kwa Watasema. Mwaka 1971, mwanzoni mwa mvua, mbwa mgeni alipita kijijini akiwa anayumba, akapigana naye karibu na kisima. Kovu lilipona. Wiki kadhaa baadaye Watasema alibadilika. Alijificha chini ya ghala, akakataa ugali, sauti ikawa ya kukwaruza. Babu alimfunga kamba. Hakumwua, na kwa hilo alilaumiwa hadi kufa kwake. Lakini nauliza, angejuaje? Siku ya pili kamba ilikatika, na ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, mwenye miaka tisa kama mimi, akaumwa mkononi.

Bibi aliweka majivu na majani yaliyopondwa. Baba mdogo alimbeba mtoto hadi mahali pa matibabu, mwendo wa karibu siku nzima. Pale waliambiwa dawa haipo. Labda Songea, labda wiki ijayo. Dawa yenyewe, hata ingepatikana, ilikuwa ni zile sindano za tumboni ambazo wazee wanazikumbuka kwa kukunja uso. Ilikuwa chanjo ya namna aliyoibuni daktari Mwingereza, David Semple, huko India mwaka 1911, na mgonjwa alidungwa kila siku kwa muda wa wiki mbili au tatu. Wakarudi nyumbani. Jeraha likafunga, tukacheza pamoja kama zamani. Baada ya miezi miwili hivi mtoto akaanza kuogopa kikombe cha maji. Siku ya nne tulimzika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilisoma habari za Joseph Meister, mtoto wa Alsace aliyepelekwa Paris na mama yake baada ya kung'atwa na mbwa mwenye kichaa. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur akaruhusu achomwe chanjo ambayo ilikuwa haijathibitishwa kwa binadamu, naye akapona. Meister naye alikuwa na miaka tisa. Nilifunga kitabu. Miaka themanini na sita ilikuwa imepita kati ya mtoto yule na ndugu yangu, na dawa ilikuwa bado haijapanda milima yetu.

Jambo lililoniuma zaidi nililijua baadaye. Jeraha la mbwa likioshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, virusi vingi huondoka kabla havijaanza safari ya kupita kwenye mishipa ya fahamu kwenda ubongoni. Chanjo bado inahitajika, na upesi. Lakini kuosha tu kunaweza kuokoa maisha ya wengi. Sabuni ya mche tulikuwa nayo siku ile, dirishani. Mto ulikuwa chini ya nyumba.

Babu hakufuga tena. Mwaka uliofuata nguruwe walikula nusu ya mahindi. Watu walipomshauri atafute mbwa mwingine aliwajibu kwa swali: "Nikifuga mbwa, akiugua, nimwendee nani?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu halikuwepo. Bwana mifugo nilimfahamu, alipita kwa baiskeli, lakini mfuko wake ulikuwa wa ng'ombe na nguruwe. Kuhusu mbwa, nilichokiona mimi utotoni ni bunduki. Ugonjwa ukisikika, mbwa wanaorandaranda hupigwa risasi, kisha kimya hadi ugonjwa urudi. Mwenye mbwa alihesabiwa kuwa mkosaji, hakuhesabiwa kuwa mtu anayehitaji msaada.

Nadhani ni simba waliotubadilishia mambo. Mwaka 1994 homa ya mbwa ilivamia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wa mbuga ile. Dunia ilishituka, na watafiti wakaanza kuwaangalia mbwa wa vijiji vya jirani, wakawachanja. Sikatai kwamba inachekesha kidogo: mbwa wa mkulima alipata daktari kwa sababu simba wa watalii wamekufa. Hata hivyo faida ilitufikia wote. Mapema miaka ya 2000 watafiti hao walikadiria kuwa kichaa cha mbwa kinaua Watanzania wapatao 1,500 kila mwaka, mara nyingi zaidi ya wale waliokuwa wakiandikwa kwenye taarifa za hospitali. Maana wengi hufia nyumbani, kama yule wetu, bila kuandikwa popote. Ikaonekana pia kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuua mbwa hakusaidii, kwani wengine huzaliwa na kuhamia, nao hawana kinga.

Kuanzia mwaka 2010 hadi 2015 Shirika la Afya Duniani lilisaidia kampeni kubwa ya chanjo kusini mashariki mwa nchi, Lindi na Mtwara zikiwemo, na pia Pemba. Huko Pemba ugonjwa ulitoweka mwaka 2014, ukarudi 2016 chanjo zilipolegea, ukafukuzwa tena kufikia 2018. Na ng'ambo ya ziwa letu, kusini mwa Malawi, jiji la Blantyre lilichanja mbwa zaidi ya 35,000 kwa siku ishirini tu mwaka 2015, nyumba kwa nyumba na sokoni. Huko ndiko hospitali kubwa ilikuwa imezika watoto wengi. Habari hizo zinapita ziwani kwa haraka kuliko barua.

Kwetu tatizo lilikuwa barafu. Chanjo ikipata joto huharibika, ndivyo tulivyoambiwa, na umeme vijijini haukuwepo. Ndipo watafiti wakapima chanjo moja ya mbwa wakakuta inahimili miezi sita katika joto la nyuzi 25, na miezi mitatu katika nyuzi 30. Mtafiti Mtanzania, Ahmed Lugelo, na wenzake wakatengeneza kwa udongo chombo cha kuihifadhi kwa ubaridi wa maji yanayokauka, na taarifa yake ikatoka mwaka 2020. Chungu! Bibi yangu aliweka maji yake ya kunywa ndani ya chungu cha namna hiyo, kona ya jikoni, maisha yake yote. Nilipoisoma taarifa ile nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza.

Tangu 2008 kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ambayo inamtaka mwenye mbwa amtunze. Nairidhia, lakini ningependa kila inapotajwa atajwe pia mtu wa kumwendea.

Mwaka juzi nilimpeleka mbwa wangu kwenye chanjo, kijiji kimoja cha wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ilikuwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambayo ndiyo siku aliyofariki Pasteur. Waliowaleta mbwa wengi walikuwa watoto, wakiwavuta kwa kamba za katani na vipande vya nyavu kuukuu. Mzee mmoja alikuja na watatu mara moja, wakizungushana kamba miguuni mwake, akitukana kwa Kinyasa na kuomba radhi kwa Kiswahili. Binti wa ofisi ya mifugo, kijana mwenye mikono mitulivu, alichoma sindano kabla mbwa hajajua.

Akachukua kadi ya chanjo. "Jina la mbwa, mzee?"

"Watasema."

Akainua macho, akacheka. "Watasema nini, babu?"

"Wewe andika tu, mjukuu wangu," nikamwambia.

Akaandika.