Safari za gari la kambi: Magamba na Mkoa wa Katavi

Safari ya gari la kambi ni safari ambayo msafiri hulala, hupika na kuweka akiba ya maji katika gari lake, bila kutegemea hoteli. Marekani na Ulaya hutumia magari makubwa yaliyojengwa kama nyumba. Magharibi mwa Tanzania gari la namna hiyo halifiki mbali. Linalotumika ni Land Cruiser au Land Rover yenye hema lililofungwa juu ya paa, jiko la gesi nyuma na madumu ya maji pembeni. Makala haya yanahusu safari hizo za kufuata milima, maporomoko ya maji na pombe za kienyeji, zikianzia Magamba, kata ya Mpanda katika Mkoa wa Katavi. Magamba hii isichanganywe na Magamba ya Lushoto, mkoani Tanga, yenye msitu wa milima ya Usambara.

Mpanda ni mji uliozaliwa na madini. Reli kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya risasi iliyochimbwa eneo hili, na mgodi ulipofungwa muongo mmoja baadaye reli ilibaki. Katavi ilifanywa mkoa mwaka 2012, ikikatwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu. Kwa msafiri, mji huu ndio mahali pa mwisho pa uhakika pa kujaza dizeli, kuziba tairi na kununua vyakula.

Jambo kubwa kwa anayepanga safari hii ni majira. Mvua hunyesha kwa mkupuo mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Machi na Aprili maporomoko yamejaa, lakini udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope linalomeza magurudumu hadi kwenye ekseli. Septemba na Oktoba barabara ni kavu na wanyama huonekana kwa urahisi, ila vijito vingi vimekauka. Kati ya majira hayo mawili kuna Juni. Njia zimeanza kushika, maji bado yanaanguka, mahindi na ulezi vimetoka shambani, na warina asali wako porini. Mwezi huo mlima, maji na pombe vinakutana, na anayeweza kuchagua tarehe asichague nyingine.

Gari lenyewe linahitaji maandalizi ambayo wageni huyapuuza. Mwezi huohuo wa Juni nyasi ni ndefu na zimekomaa. Mbegu zake hujazana kwenye rejeta, na injini huchemka katikati ya pori. Madereva wazoefu hufunga wavu mwepesi mbele ya rejeta na kuukung'uta kila wanaposimama. Tairi za spea mbili, jeki yenye kibao cha kuwekea chini na koleo si anasa. Adui mwingine ni mbung'o. Huvutwa na kitu kinachotembea na rangi nyeusi na bluu, hivyo gari na nguo za rangi hizo ni mwaliko. Ndani ya Hifadhi ya Katavi utaona gari lenye kopo la bati limening'inizwa nyuma, ndani yake kinyesi cha tembo kilichokauka kinafuka moshi polepole. Moshi huo hauna harufu mbaya, na huwapunguza mbung'o vya kutosha mtu kufungua dirisha.

Kutoka Mpanda hadi Sitalike, lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni mwendo wa chini ya saa moja kuelekea kusini. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Ina viwanja vya kupigia kambi, na malipo hufanywa kwa mfumo wa kielektroniki, si kwa fedha taslimu langoni. Kutembea kwa miguu kunaruhusiwa pamoja na askari mwenye silaha. Kambi hazina uzio, na kwa kuwa viboko hutoka usiku kula majani, gari lisiegeshwe kwenye njia yao kati ya maji na malisho. Karibu na ziwa Katavi upo mkwaju ambao wenyeji huuheshimu kama makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa zamani aliyeipa hifadhi jina. Sadaka huachwa hapo hadi leo, na mgeni hazigusi.

Mto Katuma ndio uhai wa hifadhi. Kiangazi kinapokaza, viboko hubanana kwa mamia katika madimbwi machache yaliyobaki, madume yakitoboana kwa meno. Wapiga picha huja kwa ajili ya mandhari hayo, lakini sehemu yake ni msiba: mabwawa ya umwagiliaji wa mpunga juu ya mto, nje ya hifadhi, yamepunguza maji yanayofika chini wakati wa ukame. Mkulima anahitaji maji na kiboko anayahitaji. Asiyeyaona mashamba ya juu hawezi kuelewa anachokiona Sitalike, hivyo inafaa kuyapitia kwanza.

Ndani ya Katavi yamo maporomoko ya Chorangwa na Ndido, ambayo watalii wengi huyaacha kwa sababu wamekuja kuona simba. Wapenda milima huendelea kusini kupanda Lyamba lya Mfipa, ukingo wa Bonde la Ufa ambao barabara huukwea kuelekea nyanda za juu za Ufipa. Huko hewa hubadilika ghafla: joto la bondeni huisha, na usiku wa Juni ndani ya hema la paa huhitaji blanketi nzito. Milima ya Mbizi, karibu na Sumbawanga, inapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na ina masalia ya msitu wanamoishi mbega wekundu. Sehemu kadhaa za Ufipa bado zimesimama tanuri za udongo zilizotumika kuyeyushia chuma, ndefu kuliko mtu.

Poromoko kubwa la ukanda huu ni Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, upande wa Tanzania likifikiwa kupitia Matai hadi kijiji cha Kapozwa. Maji huanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja kabla mto haujaelekea ziwa Tanganyika. Ni miongoni mwa maporomoko marefu zaidi barani Afrika, na makongoti hujenga viota kwenye majabali ya korongo lake. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa. Mwaka 2023 walitangaza kuwa yana umri wa miaka 476,000 hivi, kazi ya mikono iliyotangulia binadamu wa sasa.

Upande wa vinywaji, Katavi haina viwanda vidogo vya bia vya kutembelewa kama vya Ulaya. Ina vilabu. Kilabu cha pombe ni banda lenye mabenchi, ndoo na mapipa, na kwa kawaida mpishi na mwenye biashara ni mwanamke. Ada, daftari na sare za watoto vimelipwa na mapipa hayo katika nyumba nyingi, na yeyote anayeviita vilabu uchafu angetazama kwanza hesabu hiyo.

Pombe ya nafaka huanza na kimea. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, huanikwa na kusagwa. Katika upishi wa komoni, unga wa mahindi uliolowanishwa huachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya pipa lililopasuliwa hadi uwe wa kahawia. Harufu yake huwafikia wapita njia kabla hawajaliona banda. Unga huo huchanganywa na maji na kuchemshwa, hupozwa, ndipo kimea kinapotiwa. Inayopatikana ni pombe nzito, chachu, yenye machicha, ambayo ni chakula kadiri ilivyo kinywaji. Ufipa ipo pia kimpumu ya ulezi, inayonyonywa kwa mrija kutoka chombo kimoja, maji ya moto yakiongezwa kila inapopungua.

Kinywaji cha Katavi hasa, kwa maoni ya mwandishi, ni wanzuki. Misitu ya miyombo ya Inyonga, wilayani Mlele, ni nchi ya asali, na Wakonongo ni warina wa tangu zamani. Mizinga ya magome bado hutundikwa juu ya miti, ingawa mti unaobanduliwa gome lote hufa, na ndiyo sababu wafugaji nyuki wengi wamehamia mizinga ya mbao. Wanzuki hutengenezwa kwa asali na maji ya vuguvugu, pamoja na hamira au mabaki ya pombe iliyotangulia, na huwekwa mahali pa joto siku moja au mbili hadi itoe povu. Utamu wake hudanganya: mnywaji huhisi nguvu yake anapotaka kusimama.

Mgeni anayeingia kilabuni huanza na salamu. "Shikamoo, mama," na baada ya "Marahaba" ndipo aulize kuna nini leo. Katika vilabu vingi mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ishara kwamba kinywaji ni salama. Kumzuia ni kumkosea. Gongo, pombe ya mvuke, hupikwa kinyume cha sheria na imewahi kuua na kupofusha. Ikataliwe bila maelezo marefu. Dereva asinywe kabisa, maana barabara za huku zina ng'ombe mchana na tembo usiku. Wenye busara huegesha, hufungua hema, ndipo hutuma ndoo.

Kaskazini-magharibi mwa Mpanda safari hubadilika sura. Milima ya Ntakata, Wilaya ya Tanganyika, ina sokwe nje ya hifadhi za taifa, katika misitu ambayo vijiji huilinda na kulipwa kupitia biashara ya kaboni. Mbele yake, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, ipo Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, ambayo kilele chake Nkungwe kina mita 2,462. Ndani ya Mahale hakuna barabara za magari. Gari huachwa kijijini, watu hupanda boti, na siku zinazofuata ni za miguu.