Spika za Chuga: Kelele Nyingi, Mistari Haisikiki

Uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha mjini una jina la mshairi. Watu wengi wanaujua kwa mpira, mikutano ya siasa na matamasha, wachache wanakumbuka kwamba mwenye jina ndiye aliyeandika kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Mtu wa vina na mizani kabisa. Sasa cheki maajabu: ni kwenye uwanja huo huo ambapo machalii wa Chuga wamelipa kiingilio mara kibao kwenda kusikiliza mistari, wakarudi nyumbani usiku wa manane masikio yanapiga filimbi na hakuna aliyeshika hata vina viwili.

Hili jambo lina historia yake, na haikuanza na hip hop.

Turudi mwaka 1970. Ndugu kutoka Tanga, waliokuwa Jamhuri Jazz, walihamia Arusha wakaanzisha bendi iliyoitwa Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Mwaka 1971 walivuka mpaka kwenda Mombasa, na huko wakawa Simba Wanyika, bendi ambayo mpaka leo wazee wakisikia gitaa lake wanaacha kula. Enzi hizo za dansi kila gitaa lilikuwa na amplifaya yake ndogo nyuma ya mpigaji, na mwimbaji alitegemea maiki na spika chache tu. Ukumbi wenyewe haukuwa mkubwa. Ule wa Kaloleni ambao viongozi wa TANU walikutana Januari 1967 kupitisha Azimio la Arusha, sasa ni makumbusho, ulikuwa ukumbi wa jamii tu. Ingia uone, ni sehemu ya watu kukaa na kusikilizana.

Kwa hiyo mpiga solo akijisahau akaongeza sauti, mwimbaji anapotea, na mwimbaji akipotea wacheza dansi wanalalamika, maana nyimbo zile zilikuwa hadithi: mke kaondoka, rafiki kamgeuka mwenzake, mshahara haujafika. Watu walikuja kucheza, ndiyo, ila walikuja na kusikia habari. Hakukuwa na fundi anayekaa mbele kupanga sauti zote. Bendi ilijipanga yenyewe kwa masikio yake. Hata kurekodi Redio Tanzania ilikuwa hivyo hivyo, bendi nzima inapiga kwa mkupuo, ukikosea mnarudia wote.

Halafu njaa ya vyombo ikaja. Bendi nyingi hazikumiliki hata gitaa, vyombo vilikuwa mali ya chama, jeshi, kiwanda au shirika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 fedha za kigeni zikawa adimu, na spika ikiungua hakuna duka la kwenda kununua nyingine. Hapo ndipo akazaliwa mtu ambaye hakuna anayemwandika: fundi mitambo wa mtaani. Kijana aliyeanza kwa kutengeneza redio za majirani, akaja kusuka upya koili ya spika kwa mkono, akatengeneza boksi la mbao kwa seremala, akaunganisha amplifaya mbili za aina tofauti na zikafanya kazi. Bila yeye kusingekuwa na disko vumbi Ngaramtoni wala harusi Usa River. Ila mtambo wa kuungaunga una tabia yake. Unaweza kupiga kwa nguvu. Kupiga kwa usafi ni habari nyingine.

Na mtambo huo ndio uliokuja kuipokea hip hop.

Miaka ya 90 redio binafsi zikafunguliwa, kaseti za Wamarekani zikazagaa, na Arusha ikachukua rap kwa moyo kuliko mji mwingine wowote wa Tanzania (watu wa Temeke wabishe wakitaka). X Plastaz walianza mwaka 1996, wakachanganya Kiswahili na Kihaya na sauti ya Kimaasai, na mwaka 2004 albamu yao Maasai Hip Hop ikatolewa na lebo ya Ujerumani. Kijenge Juu ikatoa Watengwa. Nako 2 Nako wakaja. Kitu kimoja kilichowaunganisha ni maneno. Chuga hukubaliki kwa sura wala kwa kucheza, unakubalika kwa ulichoandika.

Sasa shida iko hapa, na mafundi wenyewe wanaielewa vizuri. Neno la Kiswahili lina vokali, zile a, e, i, o, u, na lina herufi kali kama s, t, k, f, ch. Vokali zina nguvu na ziko chini kidogo. Herufi kali ni nyepesi na zinakaa juu, kule kwenye twita na honi ya spika. Fundi akiambiwa ongeza, ongeza, ongeza, amplifaya inafika mwisho wake, inaanza kukata mawimbi ya sauti, na kitu cha kwanza kuungua ni twita. Besi inabaki inadunda kifuani. Herufi kali zimekufa. "Pata", "kata" na "chapa" zote zinakuwa "a-a". Mchanaji kakesha wiki mbili anatafuta kina, mashabiki wanasikia mtu anayeguguna ndani ya pipa.

Na wachanaji nao wana lawama yao. Ule mtindo wa kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja, unaopendeza sana kwenye picha, unaziba matundu ya nyuma yanayosaidia maiki kukataa sauti za pembeni. Ukiziba, maiki inaokota kila kitu kikiwemo spika zenyewe, inapiga mluzi, na sauti yako inakuwa kama umefunga pua. Fundi anapunguza ili mluzi ukome, msanii anaonyesha kidole juu, ongeza! Vita hiyo inaendelea mpaka shoo inaisha.

Kwa mahesabu ya uwanjani, mambo ni magumu zaidi. Nje, pasipo paa, kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika ya kawaida sauti inapungua kama desibeli 6. Aliyeko mita 4 na aliyeko mita 64 wanatofautiana desibeli 24. Kama wa nyuma anapata 86, sauti ya mazungumzo ya kelele, wa mbele anapigwa 110. Na promota anayedhani atatatua kwa kukodi wati nyingi ajue kwamba kutoka wati 1,000 kwenda 2,000 anapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaihisi kwa shida. Dawa yake ni kutawanya spika, nyingine ziwekwe katikati ya uwanja. Lakini waya ni pesa na walinzi wa kulinda hizo spika ni pesa, kwa hiyo zinarundikwa mbili upande huu, mbili upande ule, na tangazo linasema "mitambo ya kufa mtu".

Wenzetu Ulaya na Marekani walipitia ugonjwa huu kabla yetu. Mei 31, 1976 bendi ya The Who ilipiga uwanja wa Charlton, London, na kitabu cha Guinness kikawaandika kama shoo yenye kelele kuliko zote, desibeli 126 kwa umbali wa mita 32. Baadaye Guinness wakaacha kabisa kuweka rekodi hiyo, wasije wakawashawishi watu kuharibu masikio. Mpiga gitaa wa bendi hiyo mwenyewe amesema wazi kwamba masikio yake yameharibika. Mwaka huo huo punk ndiyo inalipuka, vijana wasio na hela kwenye vilabu vidogo, gitaa limefunguliwa mpaka mwisho, mwimbaji anapayuka juu yake. Punk haikuota mizizi Arusha, ila chalii wa Ngarenaro wa mwaka 2000 angewaelewa wale watu bila mkalimani. Kelele ilikuwa namna ya kusema na sisi tupo. Tofauti ni kwamba punk inavumilia maneno kupotea, ukikosa mstari bado hasira umeipata. Hip hop ukikosa mstari umekosa shoo.

Ndiyo maana pleibeki ilipata mlango. Mitambo mibovu? Basi weka CD yenye sauti yote, msanii aruke na maiki iliyozimwa nusu. Wasanii wa nyimbo za mapenzi walizoea haraka. Wachanaji wa Chuga waligoma muda mrefu, na wengine wao walichekwa kwa kusikika vibaya huku wanachana kweli. Hiyo si haki hata kidogo.

Wanaoishi juu nao wana hadithi yao. Usiku wa Arusha hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na sauti badala ya kupotea angani inapinda kurudi ardhini. Ndiyo maana watu wa Ilboru na Sekei, huku mlimani Meru, wanaweza kusikia besi ya mjini saa nane usiku. Zipo kanuni za kelele za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira, na NEMC imekuwa ikifungia baa. Sheria inamkumbuka jirani anayetaka kulala. Kwa aliyeko ndani, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kumbi zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, ila kipimo chenyewe ukikitafuta mlangoni kwenye shoo zetu utachoka.

Fundi mitambo yeye yuko pale kila wiki, Jumamosi shoo, Jumapili mkutano wa injili na spika zile zile. Masikio yake ndiyo kifaa chake cha kazi. Yakianza kupoteza zile sauti za juu anaongeza twita ili asikie yeye, na uwanja mzima unaumia bila mtu kujua kwa nini.

Halafu umeme unakatika. Jenereta inakohoa, inazima. Mchanaji yuko katikati ya ubeti, maiki imekufa mkononi. Wale wa mbele, waliojifunza wimbo ule kwa kurudisha kaseti nyuma mara ishirini, wanaudaka mstari, wa katikati wanaufuata, mpaka kule mwisho karibu na ukuta. S zote zipo, t zote zipo. Fundi anahangaika na waya huku anasikiliza maneno ya wimbo huo kwa mara ya kwanza usiku ule.