Kezilahabi, Ukerewe na Ugomvi wa Vina

Mwaka 1974 ilichapishwa Nairobi diwani ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, nayo iliitwa Kichomi. Kichomi ni maumivu yanayochoma ubavuni mtu avutapo pumzi, na sijui jina jingine ambalo lingeifaa zaidi. Wanajadi walilalama, wanamabadiliko wakashangilia, na hadi leo ukilitaja jina lake mbele ya washairi wawili waweza kupata majibu matatu.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Viktoria. Lugha yake ya mama ilikuwa Kikerewe. Kutokana na hilo imejengeka dhana, ambayo bado naisikia, kwamba shairi huru ni kimbilio la watu wa bara walioshindwa kuhesabu mizani.

Ramani inaikataa dhana hiyo. Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha 1954 ambacho wanajadi wamekiegemea miaka yote, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Saadani Kandoro naye ni wa Ujiji. Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, alikuwa Mgogo. Upande wa pili yuko Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani ya kusini, ambaye naye aliiacha arudhi. Basi tusimhukumu mtu kwa bandari aliyotokea.

Hata hivyo siamini kwamba asili haina neno. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, nao ni watu wa Kanda ya Ziwa. Tendi za enanga za Wahaya, ambazo Mulokozi amezitafiti kwa kina, hazina beti za mishororo minne wala kina cha kati, na hakuna msikilizaji wake aliyewahi kuuliza kama huo ni ushairi. Sikio lililolelewa Ziwani lilikuwa na ushahidi wake kabla ya kumsoma Mzungu yeyote. Kwa hiyo shutuma kwamba Kezilahabi aliiga Ulaya, ingawa alisoma sana fasihi na falsafa za huko, naiona ni nusu ya habari tu.

Shutuma iliyoniudhi zaidi ni ya neno moja: guni. Guni ni shairi lililokusudia kufuata arudhi likajikwaa. Kezilahabi hakukusudia. Alieleza wazi kwamba alitaka kuingiza katika ushairi lugha ya mazungumzo ya kila siku ya watu. Waweza kulikataa kusudio hilo. Huwezi kuliita kosa la hesabu.

Wanajadi wana hoja moja ambayo watetezi wa Kezilahabi huipita haraka mno. Nimemsikia mzee akighani beti nyingi za utenzi bila karatasi mkononi, lakini sijamsikia mtu akighani Kichomi. Vina ni kamba ya kumbukumbu, na aliyeikata ametuachia ushairi wa kusomwa kimya. Wala vina havikuwa ishara ya woga: Abdilatif Abdalla aliitunga Sauti ya Dhiki gerezani, ndani ya arudhi, na dola ilimwogopa.

Nyumbani kwake Kezilahabi hakukuacha. Namagondo ndiko anakotoka Rosa, msichana wa Rosa Mistika, riwaya ya 1971 iliyopigwa marufuku mashuleni kwa kusema waziwazi yanayowapata mabinti wanaolelewa kwa viboko na kunyamazishwa. Baadaye riwaya hiyohiyo iliingia madarasani. Ushairi wake nao umepita njia hiyo: mwanafunzi wa sekondari leo huulizwa katika mtihani mmoja kuhusu shairi la kimapokeo na shairi huru.

Karibu Ndani ilifuata mwaka 1988, na Dhifa mwaka 2008, miaka 34 baada ya Kichomi. Alifariki Januari 2020, Dar es Salaam. Katika diwani hizo mbili za baadaye pia hakurudi kwenye vina kuwaridhisha waliomkataa.