Kanuni ya Bei: Mbio za Udongo ni za Nani?

Mashindano ya magari ya Safari, hapa Afrika Mashariki, yalizaliwa na kanuni ambayo siku hizi haitajwi sana: magari yalipangwa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Ilikuwa mwishoni mwa Mei 1953, katika mbio zilizoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla, kwani kila kundi la bei lilikuwa na mshindi wake. Inasimuliwa kwamba wazo lilianza pale Eric Cecil alipomwalika binamu yake, Neil Vincent, kushindana katika uwanja wa Langa Langa nchini Kenya. Vincent alikataa. Kuzunguka mahali pamoja kulimchosha, akasema angekubali kama watu wangeendesha hadi katikati ya Afrika na kurudi. Waandaaji walipoketi kupanga kanuni, swali lao halikuwa gari gani lina kasi kuliko yote. Waliuliza gari gani, kati ya yale ambayo watu wananunua kweli, litavuka matope na vumbi likafika. Naamini lile ndilo lilikuwa swali sahihi, na kila kanuni iliyobadilishwa baadaye bila kulijali iliwaondoa washindani kadhaa kimyakimya.

Kanuni za mbio huonekana mambo ya mafundi na makarani, hadi zinapoamua nani abebe kombe. Mwaka 1973, mwaka ambao Safari iliingia katika ubingwa wa dunia, madereva Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na alama za adhabu sawasawa. Mehta, aliyezaliwa Uganda, alitangazwa mshindi kwa sababu ndiye aliyefika mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Njia ya mbio ni ileile, matope ni yaleyale, lakini sentensi moja ya kanuni ilimpa mmoja ushindi na kumnyima mwingine. Sentensi zinazopanga makundi ya magari zina nguvu kubwa kuliko hiyo, maana kazi yake huanza kabla injini haijawashwa. Mtu asiyemudu gari linalotakiwa hajiandikishi, na jina lake halionekani popote katika matokeo.

Tazama orodha ya washindi. Tangu mwanzo hadi 1971 kombe lilibaki kwa madereva wa Afrika Mashariki. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika mbioni. Bert Shankland na Chris Rothwell, wakiwakilisha Tanzania, walishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, aina ya gari lililokuwa likibeba abiria na mizigo kwenye barabara zetu. Kisha mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort ya kiwanda, akawa mgeni wa kwanza kushinda. Kufikia hapo makundi yalikuwa yakipangwa kwa ukubwa wa injini na kwa madaraja ya kimataifa, na viwanda vilikuwa vikileta mafundi na vipuri vyao.

Kuna atakayesema kwamba wenyeji waliendelea kushinda. Ni kweli. Joginder Singh alishinda tena 1974 na 1976, Mehta akachukua mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na Ian Duncan akashinda mwaka 1994. Lakini ushindi huo ulihitaji gari ambalo kiwanda au wakala wake alikuwa tayari kulisaidia, na wenye bahati hiyo walikuwa wachache mno. Kipaji hakikupungua, ila mlango ulizidi kuwa mwembamba.

Pingamizi zito zaidi linahusu mwanzo wenyewe. Mwaka 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wenye magari ya kushindania hawakuwa Waafrika wa kawaida. Kanuni ya bei iliandikwa na watu waliokwisha kujihakikishia nafasi. Silikanushi hilo. Nasema tu kwamba kanuni inaweza kuwa pana kuliko moyo wa aliyeiandika. Mwaka 1954 D. P. Marwaha alikuwa pamoja na Vic Preston katika Volkswagen ndogo iliyoshinda, na gari hilo halikuwa la matajiri.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Mtwara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulitegemea kivuko cha Ndundu na hali ya mvua. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210, ilibeba korosho kwa miaka mingi juu ya udongo mtupu. Dereva wa lori aliyejifunza kusoma mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde, anayejua lini apunguze upepo wa tairi na lini asiguse breki kabisa, ana elimu ambayo Safari ya zamani iliiheshimu. Klabu ya mbio za udongo ikianzishwa hapa na kuiga madaraja ya kimataifa, dereva huyo atakuwa mtazamaji.

Dawa ni kurudi kwenye kanuni ya bei. Wengine wanadai bei haiwezi kusimamiwa, kwamba tajiri atanunua gari la bei nafuu kisha alijaze vipuri vya mamilioni. Wafini, walewale waliotuletea Mikkola na baadaye Kalle Rovanperä, mshindi wa Safari ya 2022, walipata jibu. Katika mbio zao za daraja la kila mtu, kila gari linaloshindana liko sokoni kwa bei iliyopangwa, na mwenye gari akikataa kuuza huadhibiwa. Baadhi ya viwanja vya udongo Marekani vina kanuni kama hiyo kwa injini. Anayeficha mamilioni chini ya boneti anajua jirani anaweza kuondoka nayo jioni hiyo kwa bei ya mtumba.

Usalama ni habari nyingine. Kuendesha kwa kasi kwenye barabara zenye mabasi, ng'ombe na watoto wa shule, kama Safari ilivyofanya kwa miongo mingi, hakustahili kurudi, na mbio zilizorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kwenye vipande vya barabara vilivyofungwa, ziko sahihi. Mikanda, kofia ngumu, vyuma vya kulinda paa na umbali wa watazamaji visijadiliwe kwa kigezo cha gharama. Gharama hiyo klabu iibebe kwa pamoja, kwa kuwa na vifaa vya kuazimisha, ili mwenye gari la mtumba asizuiwe na kitu kinachomlinda. Vinginevyo wanaotaka mbio za wachache watatumia neno usalama kila wanapotaka kupandisha kiingilio. Ndiyo maana wanachama wa klabu wanaopigia kura kanuni wawe na haki ya kudai kila kanuni mpya ionyeshe inamkinga nani na ajali ipi.