Helikopta ya Wakaliga Ilivyolipua Kampala

Mtazamaji wa Kanyangi, Ukambani, aliyekulia kwenye filamu zinazosimuliwa na DJ Afro hashtuki jengo likilipuka. Ameshazoea, anachongoja ni kuona adui amekufa. Ila majengo hayo huwa ya Marekani au Hong Kong. Mwaka 2010 ilikuwa zamu ya Kampala.

Hollywood ilianza kuchezea picha za kompyuta katika Westworld ya 1973, ikaja Tron ya 1982, kisha dinosaria wa Jurassic Park mwaka 1993. Hayo yanajulikana. Lakini aliyeilipua Kampala, Isaac Nabwana, mfyatua matofali wa zamani wa mtaa wa Wakaliga jijini humo, hakuwa na studio wala mkopo. Aliunga kompyuta kwa vipuri chakavu, akajifunza programu mwenyewe, akatoa filamu ya Who Killed Captain Alex? kwa bajeti ambayo inasemekana haikufika dola 200. Damu ilikuwa rangi nyekundu ndani ya kondomu. Mwigizaji alisimama mbele ya kitambaa cha kijani. Kompyuta ikaufuta ukijani, ikamweka angani ndani ya helikopta isiyowahi kuwepo, na mabomu yakaanza kushuka.

Kisha Nabwana akaifuta filamu yenyewe. Kompyuta ilikuwa imejaa na kazi nyingine inasubiri nafasi. DVD zilikuwa zimeshauzwa mtaani, na nani angedhani ulimwengu mzima ungekuja kuitafuta? Nakala iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayetania, kushangilia na kupiga kelele mwanzo hadi mwisho. Mgeni huenda akaudhika. Sisi tuliolelewa na DJ Afro tunaona hapo ndipo filamu ilipokamilika.

Na Kenya? Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, dakika 21 za dunia iliyokaushwa na vita vya maji. Hadithi ya kiu, ambayo mama wa Ukambani anayefukua mchanga wa mto mkavu angeisimulia bila kuandikiwa, ilibidi ikapigwe picha Afrika Kusini. Hilo linaniuma. Mwaka 2011 Andrew Kaggia alijifungia na kompyuta yake, akawageuza wanasiasa wetu kuwa magari-roboti yanayopigana katika filamu yake ya Wageuzi. Wakenya walicheka, uchaguzi ukapita.

Siku hizi programu za kutengeneza picha kama hizo zinaingia hata kwenye simu. Kaunti ikitaka kuwasaidia vijana wanaozitumia, iwanunulie diski za kuhifadhia kazi zao kabla ya kuwaitia semina nyingine.